Oili Niliyoitia kwa Siri

Mpendwa Baba Imani,

Mashine yako ya kukata miti imewaka. Niliivuta mimi mwenyewe, Jumamosi asubuhi, pale kwenye kibustani chetu Rågsved, hapa Stockholm, na kamba ya tano ikaunguruma mpaka jirani wa kibanda cha pili akatoka na kikombe chake cha kahawa kutazama. Ningepaswa kufurahi. Badala yake niliizima, nikakaa chini nikalia, halafu nikacheka, halafu sikujua tena nafanya nini. Jirani aliniuliza kama nimeumia, nikamwambia hapana, ni mambo ya mume wangu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, na mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa.

Uliondoka hapa mwezi wa kumi ukisema mikono yako imezeeka. Ulisema mashine imekukataa, na nchi nayo imekukataa, na kwamba unakwenda kukaa na mama yako huko Bukavu kwa muda. Muda gani, hukusema. Watu wote waliyaamini maneno yale, na mimi nilikuwa wa kwanza. Sasa nimejua kwamba mikono yako haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, la kwenye chupa. Na nimejua jambo la pili linalonisumbua kuliko la kwanza: wewe ulilijua kosa hilo kabla yangu, ukanyamaza, ukapanda ndege. Hapo ndipo ninapopotea kabisa. Nina wiki nzima naligeuza kichwani, na kila nikiligeuza linatoka na sura nyingine.

Naiandika barua hii wazi. Imani ataiweka kwenye kundi la simu la ibada yetu ya Hallunda, kila mtu aisome. Alipoona urefu wake aliniangalia kwa macho yale yako, akasema, "Mamma, alla kommer att läsa det." Nikamwambia ndiyo, nataka wote wasome. Waliokucheka walikucheka wazi, sioni kwa nini mimi nikuombe radhi kwa kujificha.

Unakumbuka kambi ya Walikale? Wewe na wenzako watatu mlikuwa mnapasua mbao msituni, mimi napika, Imani mgongoni. Na kwa kuwa mpishi ndiye anayebaki kambini na pipa la petroli, mpishi ndiye aliyechanganya. Ilikuwa hivyo katika kila kambi niliyoijua: mwanamke wa sufuria ndiye mwanamke wa petroli. Mashine ya kukata miti haina oili yake ya injini pembeni kama gari. Inakunywa oili humo humo ndani ya petroli, kwa hiyo mchanganyaji akikosea, hakuna wa kumsahihisha. Oili ikipungua, chuma kinasagana na mashine inakufa siku hiyo hiyo. Ikizidi, inakohoa, inatoa moshi, inagoma.

Wauza petroli wa barabarani walikuwa wanatia humo mafuta ya taa, unawajua. Ndiyo maana nilikuwa namwaga kidogo kiganjani, nasugua, nanusa, ndipo napima oili kwa kikopo cha nyanya, vikopo vitatu kwa dumu la lita tano. Sikuwahi kuua mashine hata moja. Mlikuwa mnarudi jioni na vumbi la mbao kwenye kope, na yule mwenzenu mrefu anapaza sauti tangu mbali, "Mafuta ya Mama Imani njo mafuta!" yaani ndiyo mafuta yenyewe. Nilikuwa najifanya sikusikia, nakoroga ugali, lakini moyoni nilikuwa natembea kama waziri. Sijawahi kukuambia hili: katika maisha yangu yote, hakuna kazi iliyonipa heshima kama ile. Hapa Stockholm nimefanya usafi, nimefanya jikoni, nimewahudumia wazee, na nimesifiwa kwa Kiswidi mara nyingi. Sijasikia kitu kama kile tena.

Kwa hiyo fikiria furaha yangu uliponunua ile mashine, ulipoanza kuitwa kuondoa miti iliyoanguka kwenye nyumba za mapumziko za Waswidi. Nilitafuta kikopo cha nyanya nyumba nzima. Nilikiosha, nikakikausha juu ya hita, nikakuletea bustanini. Wewe ulikuwa umeinama, unazungushia mpira wa baiskeli kwenye mshikio kama mlivyokuwa mnafanya kule. Uliona kikopo mkononi mwangu. Ukaangalia pembeni, ukasema kwa upole sana, "Mama Imani, usijichokeshe. Mafuta nitachanganya miye mwenyewe."

Nilisema sawa. Nikaenda kuchuma lengalenga, mchicha wetu. Lakini niliumia, Baba Imani, niliumia vibaya. Niliwaza, amefika Ulaya amesahau ni nani aliyemlishia mashine. Niliwaza pia kwamba hujui kuchanganya, maana hukuwahi kuchanganya hata siku moja, na kwamba utaua mashine kwa aibu ya kuniuliza. Ungeniuliza ningekuambia. Ningekuuliza ungeniambia. Hatukuulizana.

Ijumaa iliyofuata nilibaki peke yangu kibandani, nikafungua dumu lako. Nilimwaga kidogo kiganjani, nikasugua. Nyepesi, haina utelezi wowote ninaoujua. Nikanusa. Hakuna harufu! Petroli gani isiyonuka? Mimi nimezoea kuisoma petroli kwa pua, na pua yangu iliniambia hapa hakuna oili, labda hata petroli yenyewe si petroli. Kwenye dumu kulikuwa na maandishi mengi ya Kiswidi ambayo ningeweza kuyasoma. Nimesoma mikataba ya nyumba, nimesoma barua za shule, ningeshindwa na dumu? Sikuyatazama hata kidogo. Nilikuwa nimeshajua.

Nikaenda kituo cha mafuta, nikasimama mbele ya rafu ya oili. Nilisimama pale mpaka mfanyakazi akaniuliza mara mbili kama nahitaji msaada. Kambini tulikuwa na oili moja, ya kwenye pipa, unachukua au unaacha. Pale kulikuwa na chupa nyekundu, za kijani, za buluu. Moja imeandikwa namba hizi, nyingine namba zile. Nyingine ya mashine za majani, nyingine ya pikipiki. Nilichagua yenye picha ya boti kwa sababu chupa ilikuwa kubwa na rangi yake ilinipendeza. Nilidhani boti ni urembo tu, mji wenyewe si umejaa maji kila upande. Nikaificha nyuma ya ndoo, na kuanzia siku hiyo, kila Ijumaa nikija kumwagilia, nilitia vikopo vitatu kwenye dumu lako, nikatikisa, nikafunga, nikafuta kifuniko kwa khanga. Kila Ijumaa nilirudi nyumbani nikijisikia mke mwema.

Halafu mashine ikaanza kukutesa. Unakumbuka ulivyohangaika nayo? Ulitoa buji, ile ambayo Watanzania wanaiita plagi, ukaikuta imelowa, nyeusi. Ukaikausha, ukaisugua kwa brashi, ukairudisha, ikawaka kidogo, ikafa. Ukanunua mpya. Ukaosha filta ya hewa kwa sabuni. Ukabadilisha kale kafilta kadogo ka ndani ya tangi na mpira wake. Ukafungua kabureta juu ya gazeti, kila skrubu mahali pake, ukairudisha bila kubaki na kitu mkononi. Ulivuta kamba mpaka bega likavimba, nikakukanda kwa maji ya moto, mimi, kwa mikono hii iliyotia oili! Ulikuwa unaniambia, "Sielewi. Nikitoka na mafuta mapya dukani inawaka. Nikiyalaza hapa kibandani wiki moja, inakataa." Jibu lilikuwa mdomoni mwako kabisa. Mimi nikakujibu kwamba labda ni baridi.

Na siku ya pasta! Hiyo nikiikumbuka sijui kama nilie au nicheke. Uliileta mashine Hallunda baada ya ibada, nje kwenye maegesho, pasta akaiwekea mikono, tukaomba. Ukavuta, ikawaka kamba ya pili. Watu wakapiga makofi, mama mmoja akaimba. Ulikuwa umenunua dumu jipya asubuhi ile ile. Ijumaa iliyofuata mimi nikaenda na kikopo changu. Jumapili ukasema imegoma tena, na hapo ndipo kicheko kilipoanza. "Fundi wa Walikale ameshindwa na kamashini ka Wazungu." "Imani yake njo ndogo." Uliwachekea. Yule bibi mwenye nyumba kando ya ziwa alikungoja mara tatu na mti wake ukiwa umelala juu ya uzio, mara ya nne akampigia mtu mwingine. Wewe ukaiweka mashine chini ya benchi, ukaifunika kwa gunia. Wiki tatu baadaye tukakusindikiza uwanja wa ndege.

Haya ya juu mengi unayajua. Ya chini haya huyajui.

Upepo wa mwezi wa pili uliangusha ule mti wa mbetula wa mpakani mwa bustani, ukalala juu ya njia na nusu ya kitalu chetu cha maharage. Chama cha bustani kikatuandikia kwamba uondolewe kabla ya msimu. Imani akasema tumwite mtu. Sikutaka. Sikujua kwa nini sikutaka, nilitaka tu ukatwe na mashine yako. Nikaifunga kwenye mkokoteni wa sokoni, nikapanda nayo treni, watu wakinipisha kwa adabu kubwa, mpaka kwenye duka la mashine za bustani upande wa Hallonbergen ambako nilisikia kuna fundi anayesema Kiswahili. Niliwaza ni mwanaume. Ni binti, anaitwa Rehema, amezaliwa hapa, wazazi wake watu wa Mwanza. Ana bisibisi sikioni kama wengine wanavyoweka kalamu.

Nikamwambia, "Mwanangu, nataka oili nzuri ya mashine hii, ya kuchanganya. Niliyonayo naona haifai."

Akaniuliza naichanganya na petroli gani. Nilikuwa nimeleta dumu. Alilitazama, akanitazama, akachukua kitambaa akafuta mikono taratibu. "Mama, hii haichanganywi. Den är redan blandad. Wameshaitia oili kiwandani, iko tayari. Unamimina tu." Akanionyesha maandishi kwa kidole, neno moja moja, kama tunavyowafundisha watoto. Nikamwambia haina harufu. Akasema ndiyo, imesafishwa ili wakata miti wasivute sumu kifuani. Nikamtolea chupa yangu. Alipoiona ile boti alifumba macho. Akasema oili hiyo ni ya injini zinazopozwa na maji ya ziwa. Mashine yetu inapozwa na hewa, inachemka zaidi, inataka oili ya kwake, na siku nikinunua petroli ya kawaida isiyochanganywa, ndipo nipime, kikombe kidogo cha mililita mia kwa lita tano, basi, si vikopo vitatu. Nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo.

Kisha akaigeuza mashine, akaona mpira wa baiskeli kwenye mshikio. "Hii naijua. Baba mmoja Mkongo aliileta mwezi wa tisa. Baba mpole hivi." Akasema alikutolea plagi, ikiwa inachuruzika, akakuuliza nani anakuchanganyia mafuta, maana yana oili mara tatu. Akasema ulilichukua dumu, ukalinusa, ukamimina kidogo kiganjani, ukasugua. Ukasugua tena na tena mpaka akadhani hukumwelewa, akarudia kwa Kiswidi. Ndipo ukamjibu, "Ni miye njo nachanganyaka."

Rehema alicheka alipokuwa anaigiza ulivyosema. Akaniuliza, "Kwani ni mume wako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mwambie aache." Nikasema nitamwambia. Ningeweza kusema pale pale kwamba ni mimi. Kaunta ilikuwa mbele yangu, hakuna mtu mwingine dukani. Nikalipa plagi mpya, nikamshukuru, nikatoka na mkokoteni wangu, nikapitiliza vituo viwili bila kujua.

Mwezi wa tisa, Baba Imani! Ulijua tangu mwezi wa tisa. Ulirudi siku hiyo, nikakupakulia sombe, kisamvu chetu, ukala, ukasifu. Uliniangalia nikiosha vyombo, nakumbuka uliniangalia, nikadhani ni uchovu. Halafu ukaifunika mashine na gunia ukasema mikono imezeeka. Kwa nini? Ungesema neno moja tu: mke wangu, acha. Ulikuwa unaniepusha na aibu? Ndivyo ninavyowaza asubuhi. Ulijua kikopo kile kilikuwa nini kwangu, ndiyo maana mwanzoni ulisema utachanganya mwenyewe badala ya kuniambia kwamba huku kazi yangu haipo tena, imeshafanywa na kiwanda. Mchana nawaza tofauti: ulikasirika, ulikasirika sana kiasi kwamba ukaona bora bara zima liwe kati yetu kuliko kunifokea jikoni. Jioni nawaza labda ulichoka tu kuishi na mtu anayekurekebisha nyuma ya mgongo wako. Sijui lipi ni kweli. Miaka yote hii nimesema nakujua kama kiganja changu, na kiganja chenyewe kimenidanganya kuhusu petroli.

Na mimi je? Najiuliza nilikuwa nakusaidia au nilikuwa nakuthibitishia kwamba bila mimi huwezi. Napenda kusema nilikuwa nasaidia. Lakini ulipovuta kamba ikagoma, kuna mahali padogo moyoni palisema, unaona, si ulitaka mwenyewe. Palisema hivyo, nakuandikia ukweli. Kisha nikakuchemshia maji ya bega. Yote mawili yalikuwa mimi, siku ile ile, na sielewi yanakaaje katika mtu mmoja.

Jumamosi nilifanya kama Rehema alivyonielekeza. Nilimwaga mafuta ya zamani kwenye chombo cha kupeleka kituo cha taka za hatari. Niliitoa plagi, nikaigeuza mashine kichwa chini, nikavuta kamba mara kadhaa iteme mafuta yaliyobaki ndani. Plagi mpya, petroli mpya, sikuitia kitu. Mkono wangu uliniwasha, nakuambia kweli, ulitaka kutia japo kidogo. Nilivaa suruali yako nene ya kazi, nikaikunja mara tatu, na ile kofia yenye wavu. Breki ya mnyororo mbele, choki ya kubana hewa nje, nikavuta mpaka ikakohoa, choki nusu, nikavuta tena. Ikawaka. Moshi wa zamani ulitoka kwanza, mzito, wa buluu, kisha ukawa mwepesi, kisha haukuonekana. Kumbe ndivyo ulivyokuwa unaisikia asubuhi za petroli mpya. Ni mashine nzuri. Inavuta yenyewe kuingia kwenye mti.

Nilikata vipande vitatu nikaizima. Uliobaki bado umelala njiani. Imani ananiuliza kwa nini simalizi, na namwambia mgongo, lakini si mgongo. Chama kimetupa hadi mwisho wa mwezi.

Sasa wote mliosoma mpaka hapa, pasta, mama wa wimbo, na ninyi mliosema imani yake ni ndogo: aliyekuwa anaiua mashine ni mimi. Fundi wa Walikale hajashindwa na kitu. Rehema naye ataipata barua hii, nitampelekea mwenyewe.

Na wewe, Baba Imani, sikuombi unisamehe haraka. Ukinisamehe kwa upole wako ule, ukaangalia pembeni, nitajua tumerudi pale pale. Nipigie simu unigombeze. Hujawahi kunigombeza tangu tuoane, nilikuwa najisifu nalo kwa wanawake wenzangu, sasa linanitisha. Sema kwamba nilikuharibia kazi. Sema nilikufanya uchekwe. Piga kelele mpaka mama asikie chumba cha pili, nami nitakujibu pale unapokosea, maana na wewe umekosea, ungesema! Nitasikiliza mpaka neno la mwisho, na ukimaliza kabisa, nitakuuliza ndege yako inatua lini.

Mwenye kosa na mwenye kukungoja,

Mkeo, Mama Imani